Baridi ya Kibo Haina Mwenyeji

Kuna kauli inayotembea Moshi, Marangu, Machame na kote ambako riziki ya watu hutoka mlimani: mpagazi ameshazoea baridi. Mwenye kampuni huitoa akiulizwa kwa nini mgeni amevaa glavu mbilimbili, za ndani na za nje, ilhali aliyembebea begi hana hata moja. Mwongozaji huitoa amwonapo kijana akipulizia vidole pumzi alfajiri kambini Barafu. Na mpagazi mwenyewe huitoa kwa fahari, kwa sababu huko juu sifa kubwa ya mtu ni kuitwa mgumu, na mgumu halalamiki. Kauli hiyo imekubalika kiasi kwamba anayeipinga huonekana hajui mlima. Naipinga. Mwili wa binadamu unaikanusha, anayeiamini inamuumiza, na anayenufaika nayo ni yule asiyepanda.

Nianze kwa kukubali kilicho kweli. Mpagazi wa Kilimanjaro ana nguvu zisizo za kawaida. Kutoka lango la Machame hadi Barafu hupanda na mzigo wa kilo 20, bila kuhesabu vitu vyake mwenyewe, na bado hufika kambini kabla ya mgeni aliyebeba chupa ya maji na kamera. Moyo wake, mapafu yake na misuli ya miguu yake vimefunzwa na kazi. Wanaosema amezoea wanayaona hayo, kisha wanaruka hatua moja: wanadhani kilichofunzwa miguuni kimefunzwa na vidoleni. Hapo ndipo hoja yao inapovunjika. Kidole hakina msuli wa kukitengenezea joto. Joto lake huletwa na damu, na damu ikipungua, kidole hupoa kuelekea ubaridi wa hewa inayokizunguka. Ngozi ya binadamu huanza kuganda inapofika karibu nusu nyuzi chini ya sifuri. Kiwango hicho ni kimoja kwa Mchaga wa Kibosho, kwa Mjerumani wa Munich na kwa Msukuma aliyekuja Moshi mwezi uliopita kutafuta kazi.

Tena mwili wenyewe huvitoa vidole kafara. Baridi ikizidi, hubana mishipa midogo ya damu ya mikono, miguu, masikio na pua ili joto libaki kifuani na kichwani, ambako uhai uko. Kila baada ya dakika kadhaa mishipa hiyo hufunguka kidogo, damu ya moto ikapita, kisha ikajibana tena. Daktari Thomas Lewis aliueleza mwenendo huo mwaka 1930. Kufunguka huko ndiko kunakookoa vidole, na watu hawalingani katika hilo. Takwimu za Jeshi la Marekani za mwaka 1980 hadi 1999 zilionyesha kwamba wanajeshi wanaume weusi waliumizwa na baridi karibu mara nne ya wenzao weupe, na wanawake weusi mara mbili na zaidi. Jeshi la Uingereza nalo limekuta pengo kubwa kati ya askari wake wenye asili ya Afrika na wengine. Watafiti wanaeleza kwamba vidole vyetu, kwa wastani, huchelewa kufungua mishipa na hufungua kwa uchache.

Wastani si hukumu ya mtu mmoja mmoja, wala haumaanishi kwamba mtu mweusi hafai kufanya kazi mlimani. Unamaanisha kwamba katika msafara wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wanaohitaji glavu nzuri kuliko wote ni wale wale tunaowanyima kwa madai kwamba hawazihitaji.

Najua nitajibiwa kwamba mikono nayo huzoea. Ni kweli kwamba wavuvi wa bahari za kaskazini, wanaochovya mikono katika maji ya baridi kila siku kwa miaka mingi, mikono yao imeonekana kubaki na joto kuliko ya watu wengine. Lakini maisha ya mpagazi si hayo. Katika safari ya siku sita au saba, usiku wa baridi kali kabisa ni mmoja au miwili. Kisha hushuka Mweka hadi kwenye jua la Moshi, na safari inayofuata huenda ikaja baada ya wiki kadhaa. Hakuna mazoea ya mishipa yanayojengwa kwa mtindo huo. Kinachojengwa ni uvumilivu wa maumivu, na hilo ni jambo jingine kabisa. Aliyejifunza kutoyajali maumivu ya vidole amekata waya wa king'ora, kisha anasema mwizi ameacha kuja.

Zaidi ya hapo, kidole kilichowahi kugandishwa huwa chepesi kuumia tena. Mishipa na neva zake huitikia baridi vibaya kwa miaka, pengine kwa maisha yote. Kwa hiyo miaka mingi ya Kibo inaweza kumfanya mtu awe dhaifu zaidi mbele ya baridi, kinyume kabisa cha tunavyoamini.

Kwamba baridi ya Kibo haina mwenyeji, wenyeji wa mlima huu walilijua zamani. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848, na katika maandishi ya wamisionari wa wakati ule imo habari waliyosimuliwa Uchagani: Mangi Rengua wa Machame alituma kundi la watu wake wakauchunguze ule weupe wa juu. Alirudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake imegandishwa, naye akabaki kilema. Hao walikuwa wazaliwa wa mteremko ule, watoto wa migomba na mifereji yake. Kama kungekuwa na watu waliozoea baridi ya Kibo kwa kuzaliwa chini yake, wangekuwa hao.

Sasa tuihesabu baridi yenyewe, kwa sababu wengi hudhani hatari ni ya kileleni tu, na mpagazi kwa kawaida hafiki kileleni. Hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi mjini iko kama mita 850 juu ya usawa wa bahari na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Usiku wa nyuzi 18 mjini huwa kama nyuzi 15 chini ya sifuri kileleni. Kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, kwa hesabu hiyo hiyo inakuwa kama nyuzi 6 chini ya sifuri. Ongeza upepo: hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ikivuma kwa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba hewa ni nyuzi 21 chini ya sifuri.

Ongeza na maji, kwa maana maji hunyonya joto la mwili haraka mara nyingi kuliko hewa kavu. Na nani hushika maji mlimani? Barafu haina maji. Hubebwa kutoka bonde la Karanga kwa madumu, na dumu humwagikia mikono. Alfajiri, mgeni akiwa bado juu, mpagazi anafungua hema lenye barafu, anashika vyuma vyake, anasuuza sufuria. Tena anayafanya hayo mahali ambapo kila pumzi inampa oksijeni pungufu sana kuliko ya Moshi. Baada ya Uhuru yenyewe, sijui kazi nyingine inayovitesa vidole zaidi ya kushughulikia kambi ya Barafu kabla ya jua.

Kauli ya mazoea ina ndugu yake: ganzi ni kitu kidogo, itaondoka yenyewe. Mara nyingi huondoka kweli, na hapo ndipo inapodanganya. Jeraha la baridi huanza kwa kuchoma na kuwasha, kisha maumivu yanapungua. Mtu hufurahi akidhani vidole vimepata joto, kumbe neva zimenyamaza. Hatua ya kwanza kabisa ni ganzi tupu: ngozi imepauka lakini bado laini, barafu haijaingia ndani, na ukiipasha joto hurudi katika hali yake kwa muda usiozidi nusu saa, ikiwashawasha, bila kuacha alama. Hatua inayofuata ni mgando wa juujuu: ngozi huwa ngumu na yenye kung'aa kama nta, ukiibonyeza polepole nyama ya chini yake bado inabonyea, ikishapashwa joto huvimba, na ndani ya siku moja huota malengelenge yenye maji meupe. Malengelenge yakiwa ya damu, au kidole kikiwa kigumu hadi ndani, jeraha limezama, na hapo tunazungumzia uwezekano wa kukatwa. Mwanzoni hatua hizi zote zina dalili moja, yaani kutohisi. Hakuna mtu, hata daktari, awezaye kukiangalia kidole kilichoganda kikiwa bado baridi na kuapa kwamba ni jambo dogo.

Vitabu vingi husema ngozi hugeuka nyekundu kisha nyeupe. Viliandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwetu wekundu hauonekani vizuri, na weupe huja kama kijivu cha majivu, rangi iliyofifia isiyo na uhai. Kwa hiyo tazama penye rangi hafifu: chini ya kucha, kiganjani, kwenye wayo. Linganisha kidole na mwenzake wa mkono wa pili. Bonyeza ukucha uone kama rangi inarudi. Na kwa kuwa mtu haoni pua wala masikio yake, wawili wawili mkaguane nyuso. Mwongozaji anayesubiri kuona wekundu kwa kijana wa Machame atasubiri mpaka malengelenge.

Ndugu wa tatu wa kauli hii ni tiba za mlimani: sugua kwa nguvu, ota moto, vuta sigara, piga funda la pombe kali. Nazijua zinavyopendwa, na kila moja ni kosa. Kusugua sehemu iliyoganda ni kuisaga nyama yenye chembe za barafu ndani yake. Moto wa jiko la gesi huunguza ngozi isiyohisi, na mwenye ngozi hajui mpaka anuse. Sigara hubana mishipa ile ile tunayoiomba ifunguke. Pombe hufungua mishipa ya ngozi ya mwili mzima, mtu akajisikia moto huku joto la kifuani likimtoka. Juu ya hayo humwondolea akili ya kujua kwamba anaganda.

Makosa haya hayakuzaliwa Uchagani, na yaliwahi kuwa elimu ya madaktari wakubwa. Dominique Jean Larrey, daktari wa upasuaji wa jeshi la Napoleon, alirudi kutoka Urusi mwaka 1812 akiwa ameona askari wakiweka miguu iliyoganda karibu na moto, ikaungua, kisha kesho yake wakaandamana na ikaganda tena. Akahitimisha kwamba sehemu iliyoganda isuguliwe kwa theluji na kupashwa joto polepole. Alichokiona kilikuwa kweli: moto unaunguza, na kuganda mara ya pili kunaangamiza. Alichokishauri kilikuwa kosa, na dunia ikakifuata kwa zaidi ya miaka 100. Katika miaka ya 1960 William Mills, daktari wa Alaska, ndiye aliyeonyesha kwa wagonjwa wake kwamba maji ya vuguvugu na upashaji wa haraka huokoa nyama zaidi. Madaktari waliiacha tiba ya theluji baada ya kuonyeshwa ushahidi. Sisi tuna sababu gani ya kuendelea kusugua?

Kinachotakiwa kinajulikana, na karibu chote hakina gharama. Ukihisi ganzi, simama. Ondoka kwenye upepo, nyuma ya mwamba au ndani ya hema. Vua glavu au soksi iliyolowa, vua pete kabla kidole hakijavimba, legeza buti. Weka mikono kwapani, kwako au kwa mwenzako; miguu iweke tumboni kwa mwenzako, chini ya nguo. Viganja vifunike pua na masikio. Kunywa kitu cha moto chenye sukari. Usisugue, tulia tu dakika kama 10. Hisia zikirudi, vaa vikavu na uendelee kwa tahadhari. Zisiporudi, shuka. Hapo habari ya kilele imekwisha, awe mgeni aliyelipa maelfu ya dola au kijana aliyembebea oksijeni.

Ikiwa ngozi imekuwa ngumu, jiulize swali moja kabla ya kuiyeyusha: itaweza kuganda tena njiani? Kama ndiyo, ni heri kuikinga isigongwe na kushuka nayo hivyo, kwa sababu kuganda mara ya pili kunaharibu kuliko mara ya kwanza. Mkiwa mahali salama, tia maji ya nyuzi 37 hadi 39 kwenye beseni. Asiye na kipimajoto atumbukize mkono wake mzima, akae nao nusu dakika. Ukimuuma kwa moto, maji hayafai. Ongeza maji ya moto kidogokidogo, mkono wa mgonjwa ukiwa nje, ili joto lisishuke, na endelea hadi ngozi ilainike na rangi irudi, yapata nusu saa. Huuma sana. Ibuprofeni ya miligramu 400 mara mbili kwa siku husaidia maumivu na uvimbe, isipokuwa kwa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au mjamzito. Weka kitambaa kikavu kati ya vidole, funga bila kubana, usipasue malengelenge, usitembelee mguu ulioyeyushwa kama kuna namna ya kubebwa. Jeli ya shubiri inafaa kupakwa. Kisha hospitali, upesi, kwa sababu dawa za kufungua mishipa iliyoziba zina maana katika saa za mwanzo, na chanjo ya pepopunda inahitajika. Na kama mtu anatetemeka ovyo, anajikwaa na maneno yanamkwama, mwili mzima unapoa. Okoa mwili kwanza, vidole vifuate.

Kukinga ni rahisi kuliko hayo yote. Glavu zisizobana, jozi mbili, moja ikiwa kavu mfukoni muda wote. Buti lenye nafasi: anayenunua mitumba ya saizi ndogo kisha akasukuma soksi tatu ndani yake amejifunga kamba miguuni, na damu haitapita. Soksi kavu za kulalia ambazo hazitembelewi kamwe. Kofia ya kufunika masikio. Chakula cha kutosha na maji, maana mwenye njaa na kiu hana kuni za kuwasha mwilini. Na swali moja la lazima kila nusu saa ya njia ya kilele na kila asubuhi kambini: "Kaka, vidole unavisikia?"

Kauli ninayoipinga imevuka bahari pia. Familia zilizotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na kupelekwa Marekani au Kanada huambiwa na waliotangulia: utazoea tu. Kijana anasubiri basi la zamu ya usiku Minneapolis kwa viatu vya raba, nyuzi 20 chini ya sifuri, akingoja mazoea. Atazoea lugha, chakula na giza la saa kumi na nusu jioni. Vidole vyake havitazoea. Mwambieni anunue glavu kabla ya simu mpya.

Wapinzani wangu wamebakiwa na hoja mbili. Ya kwanza: wanaokatwa vidole Kilimanjaro ni wachache, wanaoumia kwa ugonjwa wa kimo ni wengi zaidi. Sina ugomvi na hilo. Lakini uchache wa waliokatwa haupimi wingi wa walioumia. Mpagazi hulipwa kwa safari. Akisema hausikii mkono wake, ana sababu ya kuogopa kwamba safari ijayo ataitwa mwingine, kwa hiyo hunyamaza, na asiyesema haandikwi popote. Ukimya huo ndio unaogeuzwa kuwa ushahidi kwamba wamezoea. Jeraha dogo lililofichwa siku ya tano ndilo kubwa la siku ya sita.

Hoja ya pili ni gharama. Kampuni ndogo, wanasema, haina uwezo wa kuwavalisha watu 15 kwa wageni wanne. Jozi ya glavu za sufu na soksi nzito kwenye soko la mitumba la Moshi haifikii bei ya usiku mmoja ambao mgeni mmoja analipia kulala hifadhini. Tena hapo hapo Moshi kuna KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi ulioanza mwaka 2003, unaowaazima nguo za mlimani bila malipo. Nguo zipo, maarifa yapo, bei inajulikana. Kinachokosekana ni kukubali kwamba vinahitajika, na kauli ya mazoea ipo ili tusikubali. Ikiondoka, mwenye kampuni atabaki na deni la glavu.

Nataka deni hilo lilipwe. Langoni, mizigo inapopimwa ili isizidi kilo 20, wapagazi nao wakaguliwe: glavu mbili, soksi kavu, buti linalomtosha, koti la mvua. Asiyenavyo asipande mpaka kampuni yake imemvalisha. Atakayesema haisikii mikono yake apashwe joto, ateremshwe ikibidi, na alipwe siku zake zote kama waliofika mwisho. Na waongozaji, ambao wengi wao walianza kazi kwa kubeba mizigo, wawe wa kwanza kukoma kuwaambia wadogo zao kwamba ugumu ni kunyamaza. Mpagazi anayesema "siusikii mkono" ametoa taarifa ya kazi, sawa na anayesema daraja limevunjika. Kiongozi anayeipuuza taarifa hiyo hajui kazi yake, na kampuni isiyoweza kuwavalisha watu wake haina haki ya kuuza safari ya Kibo.